Sala ya Kibarua

Plasta ya ukuta wa nyuma wa kanisa ilianguka Jumatano saa tisa alasiri, wakati hamna mtu ndani, na wa kwanza kuitwa akawa Chuma. Nani mwingine angeitwa? Ukuta ule aliujenga yeye na mwenzake miaka ishirini na miwili iliyopita, na tangu hapo ndiye mzee wa kanisa anayeshughulika na majengo, kuanzia bawaba za milango hadi mabati yanayovuja. Alikuja na ndala zake za nyumbani, akamkuta mchungaji amesimama katikati ya vumbi, mikono kiunoni, anatazama mabenchi mawili yaliyovunjika.

"Tumshukuru Mungu, mzee wangu," mchungaji akasema. "Ingekuwa Jumapili, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine."

Chuma alikuwa anaangalia juu. Plasta ilikuwa nene kupita kiasi, vidole vitano kule juu, ikipungua kadiri inavyoshuka, na sasa imebanduka kama ganda la mti na kuyaacha matofali wazi.

Kila mwashi ana alama yake, ajue asijue. Mmoja huacha saruji ikitokeza kidogo kwenye maungio, mwingine huikwangua mpaka ndani. Alama ya Chuma ilikuwa dole gumba. Kila alipomaliza mstari wa matofali, aliibonyeza saruji ya pembeni kwa dole gumba la kulia, kusikia kama imeanza kushika, ndipo apandishe mstari mwingine. Na dole lile halikuwa kama la watu. Alipokuwa anajifunza kazi, nyundo ililipasua ncha, likapona na mfereji katikati, kama kwato ya mwanambuzi. Sasa kwato hiyo ilikuwa kule juu, pembe ya kushoto, mara saba, mstari juu ya mstari. Ilikaa gizani miaka yote ile, na haikufutika hata kidogo.

"Ndiyo kazi ya yule fundi wenu wa zamani, siyo?" mchungaji akauliza. Yeye alihamia hapo miaka mitano tu iliyopita, na habari za ukuta alizipata kwa kusimuliwa. "Yule aliyekuwa anajenga amelewa. Anaitwa Taratibu, sijui?"

"Taratibu," Chuma akasema.

"Maskini. Mungu amrehemu huko aliko."

"Hajafa."

"Aa. Basi Mungu amsaidie."

Chuma akainama, akaanza kuokota vipande vya plasta, kimoja kimoja, kana kwamba ameitiwa kazi hiyo. Nafasi ya kusema ikampita hivihivi, kama ilivyompita mara ya kwanza.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Chuma na Taratibu walijenga pamoja miaka kumi na minane. Chuma alitumia mkono wa kulia, Taratibu wa kushoto, basi kila mmoja alianza pembe ya upande wake na wakakutana katikati, miiko yao ya kujengea ikienda kama ya mtu mmoja na kivuli chake, hata wapita njia wakawa wanasimama kuwatazama. Na wote wawili walikuwa wanywaji, tusifichane. Halafu wakaokoka mwezi uleule mmoja, katika kanisa hilohilo lilipokuwa bado ni paa la turubai.

Chuma aliiweka glasi mezani Jumamosi moja na hakuigusa tena. Ndipo alipopewa jina lake. Katika ushuhuda alikuwa akisema, "Niliamua. Mtu ukiamua, umeamua," na watu wakaitikia. Taratibu hakuweza hivyo. Alikaa miezi mitatu salama, akaanguka. Akakaa minne, akaanguka. Lakini kila Jumapili, mchungaji wa wakati ule alipouliza nani ana haja ya kuombewa, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa ule wa kushoto. "Ndugu zangu, wiki hii sina nguvu. Niombeeni."

Jina la Taratibu nalo lilitokana na kazi. Hakuwa mtu wa kupandisha mistari miwili bila kushusha timazi, kile kizito cha shaba kinachoning'inia kwenye uzi kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Timazi ilikuwa yake, iliishi mfukoni mwake au kwenye begi lake. Chuma hakuwa nayo. Alijisifu kwamba yake imo jichoni, na kusema kweli jicho lake lilikuwa zuri.

Asubuhi, kabla ya kuchanganya saruji, Taratibu alivua kofia, akasema, "Bwana, nishike leo," akavaa kofia. Sala imeisha.

"Wewe Taratibu," Chuma alimwambia siku moja kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, "Mungu hajakuchoka? Kila siku ombi lilelile."

"Hajaniambia kama amechoka."

"Na fupi, kama mkia wa mbuzi. 'Nishike leo.' Kesho je?"

"Kesho nitamwomba kesho."

"Hiyo ni sala ya kibarua. Kila asubuhi unasimama getini kuulizia kama kuna kazi. Mimi, bwana, nilisaini mkataba mara moja, nikamaliza."

Taratibu alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, bwana mkataba. Nirushie tofali."

Walikuwa wameshainua kuta za kanisa hadi juu ya madirisha pale Taratibu alipoanguka tena, baada ya miezi minane ya salama, mirefu kuliko yote. Jumanne hakuja kazini. Jumatano hakuja. Timazi ilikuwa kwenye begi lake, nyumbani kwake, mwendo wa dakika kumi. Kumi tu. Chuma angeweza kwenda, akabisha, akamkuta mwenzake kitandani na aibu yake, akamwinua, au basi achukue hata timazi na kurudi. Hakwenda. Alikuwa na hasira, na hasira ile akaipa jina zuri, akaiita msimamo. "Simfuati mlevi," alijisemea, na akapanda jukwaani peke yake. Siku mbili alipandisha mistari saba ya ukuta wa nyuma kwa jicho, huku anabishana kimoyomoyo na mtu ambaye hayupo. Jicho la mtu mwenye hasira halioni vizuri, lakini hilo alikuja kulijua baadaye.

Alhamisi Taratibu alirudi, macho mekundu, akaomba radhi. Chuma alimwonyesha kwa kidevu ukuta wa mbele, akarudi kwenye kazi yake.

Mwezi mmoja baadaye fundi wa paa alishusha uzi kutoka juu, na ukuta wa nyuma ukaonekana umelalia nje vidole vitano. Kamati ikaketi. Kuubomoa hawakuweza, mvua zilikuwa mlangoni. Wakakubaliana kuuficha kwa plasta nene. Ndipo mmoja akauliza, "Hapa juu alijenga nani?"

Macho yote yakamgeukia Chuma. Jina lake lote, ushuhuda wake wote, ulikuwa umening'inia kwenye jibu hilo. Akasema, "Mnamjua wenyewe."

Maneno mawili tu. Usiku wa siku ile alijihesabia haki kwamba hakumtaja mtu. Na ni kweli, hakumtaja.

Jumapili iliyofuata Taratibu alisimama mbele ya watu, kofia mkononi. "Siku zile sizikumbuki vizuri, ndugu zangu," akasema. "Mtu akishakunywa, siku zinachanganyika. Lakini kama ukuta wa nyumba ya Mungu umepinda, basi ni mkono wangu. Nisameheni." Aliamini. Hilo ndilo lililomkaa Chuma kooni kama mwiba wa samaki kwa miaka yote: Taratibu hakusingiziwa akajua kuwa amesingiziwa. Aliamini.

Alikuja Jumapili tatu nyingine, akiketi nyuma kabisa, mgongo karibu na ukuta ule. Ya nne hakuonekana. Hakuna aliyempa tena ukuta wa kujenga. Akawa mlinzi wa ghala. Chuma akafanywa mzee wa kanisa.

Sasa turudi Jumatano ile. Chuma alifika nyumbani na vumbi la plasta kwenye nyusi, akamkuta mkewe mlangoni anachambua mboga.

"Plasta imeanguka," akasema.

"Nimesikia. Yote?"

"Ya juu."

"Kumbe." Mkewe akaendelea kuchambua. "Basi umejiona."

"Nimejiona vipi?"

"Baba watoto, mimi ndiye niliyekuwa nawaletea chakula pale. Jumanne nilileta sahani mbili, moja ikarudi imejaa. Jumatano vilevile. Nilikukuta juu ya jukwaa peke yako, unagombana na matofali. Unadhani nilikuwa nimefumba macho?"

Chuma akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo.

"Na hukusema kitu miaka yote hii."

"Nilingoja useme wewe. Mwaka wa kwanza nilingoja. Wa pili nikaona haya kukukumbusha. Wa tatu nami nikawa nimeshaingia hatiani." Akatupa jani lililonyauka. "Hilo nitaulizwa mimi, siyo wewe. Lakini wewe lako liko pale ukutani limekodoa macho."

"Jumapili nitasema."

"Sawa."

"Mimi nikisema nitafanya, unanijua."

"Nakujua ndiyo maana naogopa. Usiape. Omba. Na waambie wenzako wakuombee."

"Niombewe? Kusimama dakika mbili na kusema maneno kumi?"

"Taratibu alikuwa anaombewa asinywe glasi moja," mkewe akasema, akanyanyua ungo wake na kuingia ndani.

Siku tatu Chuma alijipanga. Maneno aliyapima, akayakata, akayapanga kama matofali, hata akayajua kwa moyo. Jumapili akavaa koti. Mchungaji alipomwita aeleze habari za ukuta, akatembea mbele kwa hatua za mtu asiye na shaka.

Akawatazama. Mbele palikuwa na vijana aliowafundisha katika darasa la ubatizo, na mmoja wao Chuma alishamkaripia mbele ya wenzake kwa kurudia sigara. Palikuwa na wajane waliomwita baba. Akafungua mdomo, na maneno yale yote aliyokuwa ameyapanga hayakuwepo.

"Ukuta ule," akasema, "tutaubomoa. Tutajenga mwingine. Na safari hii tutahakikisha unapimwa vizuri."

"Na asiwepo Taratibu," mtu mmoja wa kamati akadakia kutoka benchi la pili. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha upole tu, cha watu wanaokumbuka jambo la zamani. Na Chuma akatabasamu.

Hakula siku ile. Jioni, jua bado lipo, alikwenda nyuma ya nyumba penye tangi la maji, akaegemeza paji la uso kwenye bati la tangi, akataka kuomba. Akashangaa kwamba hajui aanzie wapi. Maombi yake yote ya miaka thelathini yalikuwa ya shukrani. Asante kwa nguvu ulizonipa, asante kwa kunisimamisha. Maneno mazuri, lakini alikuwa anayasema kama mtu anayempa mwenzake heshima kwa kazi aliyoifanya mwenyewe. Kuomba kitu ambacho kweli hana, hilo hakuwahi. Akasimama pale mpaka bati likapata joto la ngozi yake. Mwishowe akasema tu, "Nimeshindwa." Akangoja kuona kama kuna lingine. Halikuwepo. Akarudi ndani.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Taratibu. Mwenzake sasa aliishi kwa binti yake, upande wa pili wa mji, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alipofika alikuwa anawaza nusu saa hiyo. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwa amepata nafasi ya nusu saa.

Binti alikuwa chumba cha mbele, anashona sare za shule, cherehani inanguruma. Zamani, akiwa wa miaka kumi na minne, alikuwa akimkimbilia Chuma barabarani na kumwita baba mkubwa. Sasa alimtazama mlangoni, akachukua muda kumjua.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Karibu."

"Marahaba, mwanangu." Mzee, siyo baba mkubwa, aliisikia tofauti hiyo, akaipokea. Juu ya meza, kitambaa cha bluu kilikuwa kimetandazwa kwa kukatwa, na kilichokizuia kisiteleze kilikuwa timazi ya shaba, inang'aa kwa kushikwashikwa.

Taratibu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa soksi na kofia, amekonda kama kamba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapapasa ukuta wa pembeni, polepole, juu na chini, kama anayesikiliza kwa kiganja.

"Baba, umepata mgeni."

"Karibu sana. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Chuma."

"Chuma." Taratibu akalitafuna jina. "Jina zito hilo. Unalibebaje?" Akacheka mwenyewe, kicheko kilekile cha kushika mbavu, ila sasa kilikuwa chembamba.

Binti akasema kwa sauti ya chini, "Ana siku za kukumbuka na siku za kutokumbuka. Siku hizi ni za pili zaidi."

Chuma akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti ya mwenzake. Alikuja kuomba msamaha kwa mtu anayemjua, na mtu huyo alikuwa ameshaondoka akauacha mwili. Hata hivyo akasema. "Taratibu, ule ukuta wa kanisa niliujenga mimi. Zile siku mbili hukuwepo kazini. Hukugusa hata tofali moja. Nilijua, nikanyamaza, ukabeba wewe."

"Ukuta upi?"

"Wa kanisa. Ule wa nyuma."

"Umeanguka?"

"Hapana. Umepinda."

"Basi lete timazi," Taratibu akasema, akimgusa bega kama mtu anayemtuliza mwanafunzi. "Taratibu tu. Tutaona umepindia wapi."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Binti alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili.

"Rudia hayo," akasema.

Chuma akayarudia, yote, akimtazama yeye sasa. Zile siku mbili. Timazi kwenye begi. Kamati. Maneno mawili. Binti hakupaza sauti, ilikuwa afadhali angepaza.

"Unajua tuliishije sisi? Tukipita njiani, baba akiona ukuta wowote una kombo, anasimama. Ananiuliza, 'Huu nao ni mimi?' Nyumba ambazo hata waliozijenga hatuwajui. Namwambia, siyo wewe, baba, twende. Tukifika mbele, anasimama tena. Kila ukuta uliopinda mji huu ulikuwa wake." "Na hakunywa tena. Ulijua hilo?"

"Sikujua."

"Hata tone, tangu wiki ile. Kila asubuhi alisema sala yake, halafu akaomba msamaha wa ukuta. Kila asubuhi. Sasa ukuta ameusahau, sala ndiyo imebaki. Mimi nilishukuru aliposahau. Mtu unashukuru baba yako kupoteza akili, unaona?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Usiniite hivyo kwanza." Akalainisha kitambaa, akaisogeza timazi pasipo haja. "Leo sina cha kukupa, mzee. Labda siku nyingine, sijui. Lakini yeye alisimama mbele ya watu kwa kosa lako. Na wewe kasimame palepale."

"Nilijaribu jana."

"Ikawaje?"

"Nikashindwa."

Binti akamtazama usoni, akastaajabu, kwa maana nani aliwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa Chuma? "Baba naye alikuwa anashindwa," akasema polepole. "Lakini alikuwa anaomba ashikwe. Wewe unashikwa na nani?"

Chuma aliaga, akarudi nusu saa yake, na njia nzima alikuwa anasema maneno matatu aliyoyacheka zamani. Aliyasema vibaya mwanzoni, kama mtu anayevaa shati la mwingine. Bwana, nishike leo. Jumanne akayasema tena, na Jumatano. Hofu haikuondoka. Alikuwa ametegemea itaondoka, akaona hapana, yeye ndiye aliyekuwa anasogea pamoja nayo.

Jumapili hakuvaa koti. Mchungaji alipouliza nani ana haja ya kuombewa, Chuma akainua mkono. Mchungaji akadhani ni tangazo.

"Mzee wetu, matangazo bado kidogo."

"Siyo tangazo," Chuma akasema, akasimama. "Naomba kuombewa. Nina jambo la kusema hapa, na nguvu ya kulisema sina. Jumapili iliyopita nilikuja na nguvu zangu zote, mkaona nilichofanya nazo. Nilitabasamu."

Watu wakatazamana. Walishamwomba Chuma awaombee mara nyingi, kwa magonjwa, kwa mitihani, kwa waume. Yeye kuombewa, hapana aliyejua aanzeje. Kimya kikawa kirefu, na Chuma amesimama katikati yake, mikono haina pa kwenda.

Ndipo sauti nyembamba ikatoka nyuma, karibu na mlango. Binti alikuwa amemleta baba yake, kimya, wakaketi kwenye viti vya mwisho. Taratibu hakujua yuko kanisa gani, wala nani amesimama. Lakini mtu anayeomba kushikwa, hilo alilijua. Alikuwa amevua kofia.

"Bwana," akasema, "mshike leo." Akavaa kofia.

Chuma akasema. Hakusema vizuri, alirudia mengine, mengine akayaruka ikabidi arudi nyuma. Alitaja siku, alitaja mistari saba, alitaja kamati. Akawaambia wakitoka wainue macho juu kushoto, wataona dole gumba, kisha akaliinua la kwake walione. Akaomba kutolewa katika uzee wa kanisa. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Yule wa benchi la pili alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Mjane mmoja alikuwa analia, na Chuma hakujua kama anamlilia yeye au Taratibu, akatumaini ni Taratibu.

Alipowafikia pale mlangoni binti alikuwa ameshamsimamisha baba yake tayari kuondoka.

"Umesema," binti akamwambia. Wakashika njia, mzee akipapasa ukuta wa nje kwa mkono wa kushoto mpaka ulipoishia.

Ukuta ulibomolewa mwezi uliofuata. Mafundi wa sasa waliujenga upya, na Chuma, mwenye miaka sitini na minane, akaomba kazi ya kuchanganya saruji na kupima tu. Wakamuuliza timazi yake iko wapi, maana wao wana za kisasa. Akasema yeye ana ya kuazima.

Kila asubuhi alitembea nusu saa hadi kwa binti, akasimama mlangoni. Siku ya kwanza binti aliitoa timazi juu ya kitambaa na kuweka pasi mahali pake.

"Jioni irudi," akasema. "Kesho nakata nguo."

"Itarudi."

Ilirudi jioni ile, na asubuhi akaja tena kuiomba, na ikawa hivyo siku zote za ujenzi. Angeweza kuomba kuwa nayo mpaka kazi iishe. Hakuomba. Neno la baba mkubwa hakulisikia tena, wala hakulidai. Usiku alihesabu ile miaka, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja uliorudi.

Lakini asubuhi, kabla ya kuondoka na timazi mfukoni, alikuwa anapita dirishani kumsalimu Taratibu, na Taratibu alimgeukia kila siku kwa uso uleule wa ukarimu.

"Karibu. Wewe ni nani?"

"Kibarua," Chuma alimjibu.

"Aa, vizuri. Unaanza lini?"

"Naanza leo."

Na Taratibu alivua kofia.